Beringi ya mbele iliyoganda: zungusha kwanza, vuta baadaye

Beringi ya mbele ya pikapu ikishaganda kwa kutu, wengi hukimbilia kuvuta. Inatafutwa nyundo kubwa zaidi, bomba refu zaidi, mtu mwenye mabega mapana zaidi. Kazi hii nimeifanya kwenye pikapu yangu ya magurudumu manne na nimewasaidia ndugu na majirani kuifanya kwenye zao, na mara nyingi kilichofungua ni kitu kilekile: kuizungusha beringi kidogo ndani ya tundu lake kabla hata ya kufikiria kuitoa. Ikishasogea upana wa unywele, kilichobaki ni muda tu. Isiposogea, utavuta mpaka gari lisogee juu ya stendi, na hapo ndipo watu huumia.

Ninayoizungumzia ni ile inayokuja pamoja na habu yake, yaani kitovu ambacho gurudumu linafungwa juu yake. Kiwandani vimeshaunganishwa, unanunua kitu kimoja, na kinafungwa kwenye kifundo cha usukani kwa bolti tatu au nne zinazoingia kutokea nyuma. Kifundo ni lile pande la chuma linalobeba habu na kugeuka unapokata kona. Mwili wa beringi unakaa ndani ya tundu la kifundo kwa kubana kidogo sana, kiasi kwamba ikiwa mpya na tundu likiwa safi unaiingiza kwa mikono. Shida huanza maji ya barabarani, tope na chumvi vinapopenya kwenye ule mwanya mwembamba. Chuma kinaliwa, na kutu inayozaliwa inahitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa. Nafasi yenyewe haipo. Kwa hiyo kutu inabana, mduara mzima, mwaka baada ya mwaka.

Ukiielewa hali hiyo, unaona kwa nini kuvuta moja kwa moja hakuzai matunda. Unashindana na mduara wote kwa mkupuo mmoja. Ukizungusha, ule unga uliokauka unasagika na kumeguka. Tena msuguano siku zote hupinga upande ule kitu kinakoelekea: beringi inapokuwa inazunguka, msuguano unashughulika na mzunguko, na nguvu ndogo tu ya kuvuta inatosha kuitoa nje. Fundi mzee aliyenishika mkono katika mambo haya alikuwa akiniona nimeng'ang'ana na pula, kile kifaa cha kuvutia, ananiambia, "Mwanangu, acha kuvuta. Izungushe kwanza, itakuja yenyewe." Sikupata kumwona akikosea katika hilo.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mgonjwa ni beringi kweli. Beringi inayokufa hunguruma, na mngurumo wake hupanda kwa mwendo wa gari, si kwa mzunguko wa injini. Kwenye kona sauti hubadilika: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na kama ya kulia ndiyo mbovu, kelele huongezeka. Tairi lililolika vibaya nalo hunguruma, lakini kona hazilibadilishi sana. Gari likiwa juu, mimi hugusa springi kwa mkono mmoja huku nikizungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu utaijua kwa vidole kabla ya masikio. Springi inakuletea mtetemo mkavu wa chengachenga ambao upande wa pili, ulio mzima, hauna. Kisha nalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, namwita mtu alitikise yeye nami nachungulia kwa nyuma, maana boljointi (kiungo kinachokishika kifundo) iliyolegea huchezesha gurudumu vilevile, na kubadilisha beringi hakutaiponya.

Maandalizi hayana maneno mengi. Gari likae pahali tambarare na pagumu, magurudumu ya nyuma yapigwe kabari, na uzito uwe juu ya stendi, si juu ya jeki. Utapiga nyundo na kuvuta, na gari litatikisika kuliko kwenye kazi nyingine yoyote ya breki. Anayejilaza chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, mimi simsogelei hata kumpa spana. Miwani ya kinga ni lazima, na sababu yake nitaieleza mbele. Mafuta ya kulegeza kutu nayapulizia jioni ya kuamkia kazi: kwenye nyuzi za bolti, na kwenye mstari ule ambapo beringi inakutana na kifundo, mbele na nyuma, kisha asubuhi tena. Mafuta haya yanahitaji muda wa kupenya. Ukiyapulizia na kuanza kupiga papo hapo, umeosha kutu ya juu tu.

Nati ya katikati, ile inayokaza shafti inayozungusha gurudumu, ifunguliwe gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Mdogo wangu ndiye hukaa kwenye usukani, mguu juu ya breki.

"Kaka, nikanyage?"

"Kanyaga, usiachie mpaka nikwambie."

Soketi iwe ya pembe sita, iingie mpaka mwisho, na nguvu ielekezwe chini kwa uzito wa mwili. Nati hii hukazwa sana, kwenye pikapu nyingi kupita Nm 200, na kutu ikiongezeka juu yake usishangae kuhitaji bomba la kurefusha mpini. Ikishalegea, usiliendeshe gari tena wala kulisukuma. Kwenye habu za aina hii nati hiyo ndiyo inayozibana pete za ndani za beringi zikae pamoja.

Gurudumu likitoka, fungua kalipa, ile inayobana diski ya breki, na uining'inize kwa waya kwenye springi au fremu. Isining'inie kwa paipu yake ya mafuta hata kwa dakika moja. Paipu ya mpira huchanika kwa ndani na wewe huioni. Diski nayo huwa imegandia habu, lakini hiyo hukubali kirahisi ikigongwa huku na huku kwenye mzingo. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo wa kompresa, lioshe kwa maji au dawa ya kusafishia breki. Dawa hiyo nayo ina jambo lake: zile zenye klorini zikikutana na moto wa gesi au cheche za kuchomelea hutoa gesi ya fosijeni, ambayo ni sumu kali ya mapafu, na kiasi kidogo chake kinatosha kumlaza mtu hospitalini. Mimi nikijua moto utatumika siku hiyo, dawa ya breki naiweka mbali kabisa na natumia maji ya sabuni.

Waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) uchomoe kwenye soketi yake na uufungue kwenye vishikizo vyote mpaka uwe huru. Habu nyingi mpya huja na sensa yake, kwa hiyo ya zamani inaweza kutoka pamoja na habu. Lakini kama sensa imechomekwa kwenye kifundo chenyewe, iwekee adabu. Ni plastiki, inaganda kwa kutu ileile, na ukiipinda kwa bisibisi inakatikia ndani. Ikikataa kutoka, naiacha pale na kuikinga.

Sasa bolti za nyuma. Hizi ndizo zinazoamua kama siku itakuwa njema. Zimekaa mahali ambapo mkono haunyooki, zimeoga tope miaka yote, na kichwa kikishaviringika unakuwa umejiongezea kazi ya kuchimba. Nasafisha kwanza vichwa kwa brashi ya waya na ncha ya tindo mpaka pembe zionekane, maana soketi inayokaa juu ya tope haijashika kitu. Halafu, kabla ya kufungua, nakaza kidogo. Watu hushangaa, ila lengo ni kuvunja kutu kwenye nyuzi, na kuvunjika hakuchagui upande. Ukisikia mlio mfupi mkali, umeshapata; sasa fungua robo mzunguko, rudisha, fungua tena, ongeza mafuta. Bolti inayofunguka kwa mlio wa kulalamika mfululizo usiilazimishe, irudishe ndani kidogo ipate kumwaga unga wake. Baadhi ya pikapu hutumia bolti za pembe kumi na mbili hapa. Usithubutu kuzifungua kwa soketi inayokaribiana tu na saizi yake.

Bolti zikishalegea, usizitoe zote. Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Kwanza nachora mstari wa chaki unaovuka kutoka kwenye mwili wa beringi mpaka kwenye kifundo. Mstari huu ndio macho yangu, maana mwendo wa kwanza wa beringi iliyoganda ni mdogo mno kuonekana, na ukikosa kuuona utadhani umeshindwa kumbe umekwisha kushinda. Shafti ihakikishwe iko huru: irudishe nati mpaka ilingane na ncha ya shafti, gonga kwa kipande cha shaba au mbao ngumu, na shafti inapaswa kurudi nyuma kidogo ndani ya habu. Ikigoma, weka pula uisukume. Nyundo ya chuma juu ya nyuzi za shafti ni kuharibu kitu kizima kwa ajili ya kitu kibovu. Na ikirudi, usiivute nje kupita kiasi, maana kiungo cha ndani cha shafti kinaweza kuachana.

Kisha natafuta masikio. Beringi nyingi za aina hii zina masikio matatu au manne, pale bolti zinapoingia, na kwenye baadhi ya pikapu masikio hayo yanachomoza nje ya ukingo wa kifundo. Yakiwa hivyo, una bahati. Natoa bolti zote isipokuwa moja, ninayoiacha imeshika kwa nyuzi chache tu ili beringi isije ikaruka. Hiyo moja iwe imelegea kabisa. Bolti iliyobana inazuia mzunguko. Naweka tindo butu kwenye ubavu wa sikio na kupiga kuelekea upande wa mzunguko: mapigo mazito machache kwa saa, kisha sikio la pili kinyume cha saa. Siyo kwa hasira. Pigo moja zito lililokaa sawa linafanya zaidi ya mapigo kumi ya harakaharaka, kwa kuwa kutu huvunjwa na mshtuko. Kila baada ya mapigo kadhaa naangalia chaki. Kwanza kunatokea ufa mwembamba kwenye kutu kuzunguka beringi, mstari wa kahawia iliyokoza ambao haukuwepo. Mafuta yakipuliziwa hapo yananyonywa ndani badala ya kutiririka juu. Halafu mstari wa chaki unavunjika: nusu yake iko hapa, nusu imeruka pembeni kidogo. Ukiuona huo, kaa chini unywe maji. Umemaliza sehemu ngumu.

Kuanzia hapo ni kwenda na kurudi, kwa saa na kinyume cha saa, mafuta yakiingia kila mara, mpaka beringi igeuke kwa pigo jepesi. Ndipo nachukua nyundo ya kuvuta, ile yenye uzito unaoteleza kwenye fimbo, au nagonga habu kwa nyuma huku na huku, na inatoka.

Lakini kuna pikapu ambazo masikio yamejificha ndani ya mstari wa kifundo na tindo haina pa kushika. Hapo nafanya kazi kwa nyuma. Kila bolti naifungua kama sentimita moja, ikiwa bado imeshika nyuzi vya kutosha, na napiga vichwa vyake kwa zamu: hii, kisha ile ya mkabala, kisha ya tatu. Ukipiga moja peke yake, beringi inalala upande na kujikaza kama droo iliyovutwa kwa kona moja. Kwa zamu, inatoka kwa hatua ndogondogo. Bolti hizi zitaharibika vichwa, na hilo ni sawa. Huwa nimeshaandaa mpya kabla ya kuanza.

Ipo pia njia ya usukani, na naieleza kwa tahadhari kwa sababu nguvu yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye pikapu yenye ekseli ngumu ya mbele, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili, unaweza kuweka soketi na kiungio chake kati ya kichwa cha bolti iliyolegezwa na mwili wa ekseli, kisha mtu akawasha injini na kugeuza usukani taratibu. Pampu ya usukani inasukuma kifundo, kifundo kinasukuma bolti kwenye kile kipande, na beringi inajongea nje. Unahamia bolti ya upande wa pili na kugeuza kinyume. Nimeiona ikitoa beringi zilizokataa kila kitu. Ila kipande kile kikichomoka kinaruka kwa kasi ya risasi. Hakuna mkono wala uso unaopaswa kuwa karibu usukani unapogeuka. Mtu anakiweka, anatoka kabisa, ndipo mwenzake anageuza. Na kama beringi haijongei kwa nguvu ya kiasi, usiongeze. Rudi kwenye mafuta na mapigo, maana kitakachofuata kuvunjika ni tairodi, ile fimbo inayogeuza gurudumu, au mashine ya usukani.

Moto nauweka baadaye, na nauheshimu. Hesabu yake inaeleweka: chuma hutanuka kama sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya sentigredi. Tundu la kifundo lenye kipenyo cha milimita 90, likipashwa digrii 100 zaidi ya beringi iliyomo ndani, linapanuka takriban milimita 0.1. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa kutu iliyobana ni pengo kubwa, na mafuta yanapata njia. Siri iko kwenye tofauti ya joto. Pasha kifundo kwa nje, kwa kuzungusha moto bila kutulia mahali pamoja, na uiache beringi ikiwa ya baridi. Ukipasha vyote viwili pamoja kwa muda mrefu, vyote vinatanuka na hujapata kitu. Kamwe usifike kwenye wekundu: kifundo ni chuma kinachobeba uhai wa waliomo garini, na joto kali hubadilisha ugumu wake. Kabla ya moto, waya wa sensa uwe umeondolewa, mafuta ya kulegeza kutu yamefutwa, mipira ya boljointi imefunikwa kwa kitambaa chenye maji, na kizimamoto kiko mkononi mwa mtu. Grisi iliyomo kwenye beringi itatoa moshi, usiuvute. Kama kifundo ni cha aluminiamu, kinatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo joto dogo latosha, na joto kubwa ni hatari zaidi kwake maana hupoteza nguvu mapema.

Sasa lile linalowakatisha watu tamaa. Umevuta kwa nyundo ya kuteleza, kitu kikaachia kwa kishindo, ukafurahi, kisha ukatazama na kuona habu iko mkononi, gololi zimemwagika chini, na pete ya nje ya beringi bado imekaa ndani ya kifundo haina habari. Hutokea sana, kwa kuwa njia fupi ya nguvu yako ilikuwa kupitia gololi, na gololi zikaachia kabla ya kutu. Huu si mwisho wa kazi. Nyakati nyingine pete iliyobaki ni rahisi kuliko beringi nzima, maana sasa unaiona na kuifikia kwa ndani.

Njia ninayoipenda ni kuchomelea. Ukipitisha mstari wa kuchomelea kwenye uso wa ndani wa pete, kuizunguka yote au sehemu kubwa yake, chuma kilichoyeyuka kikipoa kinasinyaa na kuivuta pete iwe ndogo. Ukiiacha ipoe vizuri, mara nyingi inatoka kwa pigo moja au mbili. Betri itolewe nyaya kwanza, na kishikizo cha umeme wa kuchomelea kikae kwenye kifundo hichohicho, jirani kabisa, umeme usipite kwenye boljointi wala kwingine. Asiye na mashine ya kuchomelea atumie grainda ndogo: kata mfereji mmoja kwenye pete, mwingine mkabala wake, bila kufika chini kabisa, maana ukipita unachora kovu kwenye tundu la kifundo. Kisha weka tindo kwenye mfereji na upige. Chuma cha beringi kina takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 1.5 ya kromiamu, na kimefanywa kigumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake bila kuacha alama. Ugumu huo ndio unaokifanya kipasuke badala ya kupinda. Na ndiyo sababu ya ile miwani: kipande cha chuma cha aina hii kikimeguka kwa nyundo huruka kikiwa kikali kuliko wembe. Tindo kwenye mfereji, ndiyo. Nyundo moja kwa moja juu ya pete, hapana.

Kwenye pikapu nyingine beringi haifungwi kwa bolti bali imeshindiliwa ndani ya kifundo na kuzuiwa kwa klipu ya duara. Hiyo ni kazi ya presi, na ushauri wangu ni kukitoa kifundo kizima na kukipeleka kwenye presi kuliko kupigana nayo chini ya gari. Jambo moja la kushika: unapoiingiza beringi mpya kwenye kifundo, sukuma kwa pete ya nje; unapoingiza habu kwenye beringi, shikilia pete ya ndani. Nguvu ya presi ikipita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia zake, na beringi inaanza kunguruma ikiwa mpya.

Beringi ya zamani ikishatoka, kuna kishawishi cha kufunga ile mpya haraka kwa sababu umechoka. Hapa ndipo ninapotumia muda bila kujibana. Tundu la kifundo nalisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka niguse chuma kitupu kwa kidole, mduara mzima, na zaidi pale pembeni ambapo uso wa beringi unakaa. Chembe ya kutu iliyobaki pale inaifanya habu ikae kwa kuinama, diski inayumba, na mwenye gari analalamika breki zinatetemeka huku akilaumu diski. Kipimo changu ni rahisi: beringi mpya iingie kwa mikono na kukaa imelala sawa kabla sijagusa bolti. Usiivute ndani kwa kukaza bolti. Ikigoma, kuna kutu uliyoiacha.

Kwenye tundu napaka tabaka jembamba la grisi ya kuzuia kugandiana, jembamba kweli, kiasi cha kubadilisha rangi ya chuma tu. Wapo mafundi wanaobisha kwamba haina haja. Waliofungua gari lile lile mara ya pili hawabishi. Isifike kwenye sensa wala kwenye uso wa diski. Beringi zenye mduara wa sumaku kwa ajili ya ABS zisiwekwe karibu na sumaku ya meza wala kugongwa upande huo.

Bolti mpya, zikazwe kwa zamu kisha kwa spana ya kipimo, kwa namba ya kitabu cha gari hilo na si ya gari linalofanana nalo. Waya wa sensa urudi kwenye vishikizo vyake vyote, halafu geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uone kwamba haunyooki wala kugusa gurudumu. Kalipa irudi na bolti zake zikazwe kwa kipimo, kisha breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka pedi zishike, kabla gari halijasogea hata kidogo. Nati ya shafti ipate mkazo wake kamili gurudumu likiwa chini na breki imekanyagwa, lakini iwe imekazwa vizuri kwanza kabla ya kushusha gari, beringi mpya isije ikabeba uzito ikiwa haijabanwa. Namba yake isipuuzwe: ikiwa pungufu, beringi inachezacheza ndani na kufa mapema.

Gari likishashushwa kwenye jeki, nalipeleka polepole mwanzoni, madirisha wazi na redio imezimwa, nikikata kona pande zote mbili kusikiliza. Nikirudi naweka kiganja karibu na habu, bila kuigusa, na kulinganisha na ya upande wa pili. Joto linalozidi sana upande mmoja linanirudisha chini ya gari siku hiyohiyo. Na baada ya kilomita 80 hadi 100 nazikaza tena nati za gurudumu kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limepoa.